Povu na Ndoo Iliyotaka Baridi

Benchi letu liko pale kwenye kona, kati ya duka langu la ushonaji na kinyozi, na linatosha watu wanne wanaopendana au watatu wasiopendana. Sisi hukaa watatu. Mimi, ambaye hapa huitwa Futi kwa sababu ya futi kamba isiyotoka shingoni mwangu, nakaa mwisho wa upande wa ukuta, mahali pekee penye pa kuegemea, na kwa miaka kumi na moja sijampisha mtu. Katikati anakaa Mzee Sahihi, mwalimu mstaafu anayesahihisha hata salamu. Upande wa pili ni Wembe, kinyozi, anayeweza kumwacha mteja na sabuni kidevuni ili aje amalizie hoja. Bi Birika, mwenye kahawa, hana haja ya benchi. Anakaa kwenye kigoda mbele yetu, karibu na jiko lake la mkaa, na kwa kuwa kahawa ni yake, neno la mwisho pia ni lake. Halafu kuna Povu, ambaye husimama. Povu ni msoma mita za maji. Anasimama kutwa kwenye mageti ya watu, kwa hiyo tulikubaliana, bila kumuuliza, kwamba ameshazoea.

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, Povu alikuwa amepita mbele yetu mara kadhaa, anaingia dukani kwangu na kutoka, anaingia na kutoka, bila kusalimia mtu.

WEMBE: Mmeliona shati? Limepigwa pasi mpaka mikono inataka kusimama yenyewe. Mara ya tatu hii anapita.

SAHIHI: Ya nne. Moja ulikuwa ndani unamnyoa mwenye upara.

WEMBE: Mwenye upara ana ndevu, Mwalimu.

SAHIHI: Sijakataa. Nimesema mara nne.

BI BIRIKA: Mwacheni. Mtu anamngoja kaka yake.

MIMI: Anaingoja aibu yake. Inakuja na basi la saa nne na nusu.

Nililisema hilo kwa sauti ya mtu aliyetulia. Sikuwa nimetulia hata kidogo, na nitaeleza kwa nini, lakini kwanza umjue Povu.

Kwa miaka kumi na moja Povu ametengeneza bia nyumbani kwake. Ni bia ya aina moja tu, nzito, ya rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni, ambayo wenye kuijua huiita eli. Hamira yake inapenda joto. Povu anachemsha maji ya kimea cha shayiri pamoja na hopsi, yale maua machungu ya bia, anapoza, anatia hamira, anafunika ndoo na kuipandisha juu ya kabati la nguo, na kesho yake povu limeshainua kifuniko. Jina lake limetoka hapo. Wiki mbili tatu, inanyweka. Sisi wa benchi tumeinywa miaka yote hiyo bila kutoa hata asante, na kila tulipomaliza chupa tulipata nguvu mpya za kuisema vibaya.

Mtu mmoja tu hakuinywa. Kaka yake mkubwa alifanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha bia, kule chini kwenye vyumba vya baridi wanakoiivisha laga, ile nyepesi, ya rangi ya dhahabu. Siku waliyomzika mama yao, miaka sita iliyopita, Povu alimpa glasi ya bia yake mbele ya ukoo mzima. Kaka akaiinua dirishani, akaitazama, akasema: "Hiki ni kinywaji au ni mchuzi? Siku ukitengeneza bia ambayo nikiitazama nakuona wewe upande wa pili, niite." Mashemeji wakacheka. Povu hakucheka. Tangu siku ile, watoto hao wawili wa tumbo moja hawakukaa tena meza moja.

Miezi miwili na nusu kabla ya Jumamosi hii, Povu aliamua kutengeneza laga. Akampigia simu kaka yake, akamtajia tarehe, na kaka yake akajibu neno moja tu: "Nitakuja." Sasa tarehe ilikuwa imefika.

WEMBE: Mimi nasema kitu kimoja. Mtu akishazoea kupika kwa joto, asiguse baridi. Mwili unachanganyikiwa.

SAHIHI: Mwili wa nani?

WEMBE: Wa hamira.

SAHIHI: Hamira haina mwili. Ina idadi.

WEMBE: Basi idadi inachanganyikiwa.

MIMI: Aliyechanganyikiwa ni mwenye ndoo. Mmesahau ile wiki ya kwanza?

Nani angesahau? Laga inataka digrii kumi tu, na kwa baridi hiyo hamira hufanya kazi polepole, bila kelele. Povu alikuwa amezoea kuamka akute kifuniko kimeinuka. Siku ya kwanza hakuona kitu. Siku ya pili hakuona kitu. Siku ya tatu nilimkuta amepiga magoti kwenye chumba changu cha nyuma, amefungua friji yake aliyoiweka humo, ameweka sikio kwenye ndoo.

WEMBE: Nikamuuliza, "Povu, mtoto anacheza?" Hakunijibu.

SAHIHI: Alikujibu. Alisema, "Nyamaza, nasikia kitu."

WEMBE: Alikuwa anasikia mota ya friji!

Tukacheka mpaka Bi Birika akainua birika lisije likapigwa teke. Hapo Povu mwenyewe akatoka dukani kwangu kwa mara ya tano, daftari dogo mkononi, lile analoandikia digrii za kila jioni. Akasimama mahali pake.

WEMBE: Haya, daktari. Mgonjwa anaendeleaje?

POVU: Ziko chupa ishirini na nane. Nimeiangalia moja kwenye mwanga. Imetakata.

SAHIHI: Imetakata, au macho yako yametaka itakate?

POVU: Imetakata, Mwalimu. Unaweza kusoma gazeti nyuma yake.

MIMI: Gazeti la jana au la mwaka jana?

POVU: Futi, leo nisamehe. Leo utani sina.

WEMBE: Umeionja?

Povu akatazama daftari lake.

POVU: Sijaionja. Nilimwambia kaka kwamba glasi ya kwanza ni yake.

SAHIHI: Kwa hiyo unampa mtu aliyekaa miaka thelathini kwenye laga kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui?

POVU: Nimefuata kila kitu. Wiki tatu kwa digrii kumi. Wiki tano kwa digrii moja. Wiki mbili chupani. Haikuyumba hata siku moja. Kitu kimoja tu sikielewi mpaka leo.

BI BIRIKA: Kitu gani, mwanangu?

POVU: Ile harufu. Wiki mbili za kwanza ilinuka mayai viza mpaka Futi akanilalamikia. Nikasoma kwamba ni kawaida, hamira ya laga hunuka hivyo. Nikaenda ukweni, Ijumaa mpaka Jumatatu. Niliporudi, harufu haipo. Imekatika kabisa, na mimi sijagusa kitu.

Nikainamia kikombe changu. Kahawa ilikuwa ya moto nikajiunguza mdomo, na nikashukuru kupata sababu ya kukunja uso.

Sasa nitakueleza wewe, kwa sababu wao sikuwaambia. Friji ya Povu iko kwenye chumba changu cha nyuma kwa sababu mkewe aliitoa nje; alisema kabati amelivumilia, friji hapana. Nikampa chumba. Watu walinisifu kwa ukarimu wangu. Ukarimu gani? Nilitaka ashindwe nikiwa karibu, nisisimuliwe. Eli yake ilikuwa imenichosha, si kwa ubaya wake bali kwa uzuri wake. Mimi nimeshona suti na suruali zilezile kwa miaka ishirini na mitano. Sijawahi kujaribu hata koti la mwanamke. Na huyu msoma mita, baada ya miaka kumi na moja ya kufanya kitu anachokiweza, anaanza upya na kitu asichokiweza, halafu anapiga magoti mbele ya ndoo bila kuona haya. Roho iliniuma, ndiyo kweli.

Ile Ijumaa aliyokwenda ukweni, mteja alinirudishia suti ya harusi. Aliinusa kwapani, akanitazama, akasema, "Fundi, hii imeshavaliwa na nani?" Alipoondoka nikaingia nyuma na kuchomoa plagi ya friji. Nikaacha na mlango wazi. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Chumba kile kina bati juu na hakina dirisha. Jumapili jioni nikaingia kuichomeka tena, na harufu ilikuwa haipo. Nikajua nimeiua. Povu aliporudi Jumatatu akakitazama kipimajoto chake, ambacho kinaning'inia hewani wala si ndani ya ndoo. Akakuta digrii kumi, akaandika kumi, akanishika bega na kusema, "Asante kwa kunilindia."

Wiki saba nilikaa na neno hilo.

WEMBE: Harufu haikatiki hivihivi. Imehamia mahali. Mimi nasema imeingia kwenye suti za Futi. Kuna bwana harusi mmoja hapa mjini atanuka laga mpaka mjukuu wake wa tatu.

SAHIHI: Si kweli. Harufu ni hewa, na hewa ikipoa sana inaganda. Harufu yako, Povu, imeganda. Iko mle ndani ya chupa, imelala. Kaka yako akifungua, inaamka.

POVU: Mwalimu, umeyasoma wapi hayo?

SAHIHI: Nimefundisha miaka thelathini na minne.

BI BIRIKA: Ulifundisha mwandiko.

SAHIHI: Mwandiko wa sayansi! Wahenga walisema—

BI BIRIKA: Wahenga hawakuwa na friji. Endelea, Wembe.

WEMBE: Ngoja, nimepata. Hamira yenyewe uliipata wapi?

POVU: Niliiagiza. Pakiti ndogo, imekuja kwa posta.

WEMBE: Kwa posta! Na kaka yako amefanya kazi wapi? Kiwandani. Hamira ya laga inakaa wapi? Kiwandani. Huoni? Hiyo hamira na kaka yako wanafahamiana. Imetumwa. Siku umeenda ukweni, imemaliza kazi yake, ikazima.

SAHIHI: Imezima nini?

WEMBE: Bia! Imeizima kutoka ndani.

SAHIHI: Nakubaliana naye kwa sehemu. Hamira ya eli hukaa juu, inaonekana, unaijua nia yake. Ya laga inajificha chini ya ndoo. Kitu kinachofanya kazi chini, kwenye baridi, kimyakimya, wiki tatu, hicho si hamira. Hicho ni kamati.

WEMBE: Kamati ya nani?

SAHIHI: Ya kaka. Tangu msiba ule anataka kumkomoa mdogo wake, na amepata njia.

BI BIRIKA: Au kuna mtu alichomoa plagi.

Alilisema huku anamimina, bila kuinua macho. Wembe akapiga paja kwa kicheko.

WEMBE: Bi Birika naye! Nani akachomoe plagi? Chumba kina kufuli, na ufunguo anao Futi.

SAHIHI: Na Futi hana ubunifu huo.

Wakacheka, na mimi nikacheka nao zaidi ya wote. Povu hakucheka. Alikuwa ametazama upande wa kituo cha basi.

POVU: Hamjui, ninyi. Kwenu kila kitu ni kicheko. Mimi nina kaka mmoja. Mama alipokufa tulibaki wawili, na mimi nimekaa miaka sita nampita barabarani kama mtu wa mtaa wa pili. Kama hii bia ni mbaya, ataimwaga, atapanda basi, na mimi sitakuwa na kitu kingine cha kumwitia.

Mimi nilitamani mtu aseme upuuzi wowote. Wembe hakuniangusha.

WEMBE: Ungempikia pilau.

Basi lilifika saa nne na dakika arobaini. Aliyeshuka alikuwa mtu mnene, wa taratibu, mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa na koti zito kwenye jua lile, kama watu waliozoea kufanya kazi kwenye baridi. Alitembea akitazama namba za milango. Alipotufikia alisimama, na hakuna aliyehitaji kumuuliza yeye ni nani, maana pua ilikuwa ya Povu, ila imekula vizuri zaidi.

KAKA: Hamjambo, jamani.

SAHIHI: Hatujambo. Umechelewa dakika kumi.

KAKA: Dereva ndiye aliyechelewa. Mdogo wangu, hujambo.

POVU: Sijambo. Shikamoo, kaka.

KAKA: Marahaba.

Hakuna aliyemnyooshea mwenzake mkono. Kaka akatazama benchi ili aketi. Benchi lilikuwa na watu watatu, na kati yetu hakuna aliyejisogeza. Nitasema ukweli, mimi niliegemea ukuta zaidi.

KAKA: Iko wapi?

Povu akaingia dukani kwangu, akatoka na chupa moja na glasi moja aliyoifunga kwenye kitambaa safi. Akaifungua chupa. Ikatoa pumzi fupi. Akaimimina taratibu, glasi ameilaza, macho yake kwenye mashapo machache yaliyokuwa chini ya chupa, akaacha kabla hayajafika shingoni. Bia ilikuwa ya dhahabu. Juu yake povu jeupe, kiasi cha vidole viwili.

Kaka akaipokea, akaiinua juu usawa wa uso wake, akafumba jicho moja. Povu alikuwa amesimama upande wa pili wa glasi, amebana daftari kifuani.

KAKA: Nakuona.

Povu akatazama chini haraka.

Kaka akainusa. Akainusa tena. Akanywa kidogo, akazungusha mdomoni, akameza, akangoja. Akanywa mara ya pili, sasa kwa kiu ya mtu aliyesafiri. Nilikuwa na hakika kwamba sasa atatema, na akitema nitainuka, nitasema nina mteja, nitaingia ndani na kufunga mlango.

KAKA: Siagi haipo.

WEMBE: Siagi? Nani alitia siagi?

KAKA: Hakuna anayeitia. Inakuja yenyewe. Laga ya kwanza ya mtu aliyetoka kwenye eli huwa na ladha ya siagi, kwa sababu anaogopa joto. Anasikia kwamba laga ni baridi, basi anaifungia kwenye baridi mwanzo mpaka mwisho. Nimemwaga matangi mazima ya siagi, mimi. Dawa yake ni moja. Hamira ikikaribia kumaliza, unaiacha ndoo ipate joto, siku mbili, siku tatu. Hamira inaamka, inakula ile siagi, inafukuza na harufu ya mayai. Kisha ndiyo unairudisha kwenye baridi. Vitabu vingi vya wanaoanza haviliandiki jambo hili. Kwetu lilikuwa jambo la mafundi. Nani alikuambia?

POVU: Hakuna, kaka.

KAKA: Hakuna?

POVU: Haikupata joto. Digrii kumi, wiki tatu, haikusogea. Nimeandika kila siku. Tazama.

Akampa daftari. Ndiyo Povu huyo. Angeweza kuitikia tu, akachukua sifa, lakini msoma mita hawezi kutaja namba asiyoiona. Kaka akaweka glasi kwenye ukingo wa benchi, akafungua, akafuata mistari kwa kidole.

KAKA: Siku tatu hizi hazina kitu.

POVU: Nilikuwa ukweni. Lakini nilirudi nikakuta kumi.

KAKA: Mdogo wangu. Nimekaa kwenye laga miaka thelathini. Hii bia imepata joto, siku tatu, na kwa wakati wake hasa. Hakuna anayebahatisha hivi. Ama kuna fundi amekutengenezea, ama umeinunua ukaitia kwenye chupa zako.

POVU: Kaka, wallahi—

KAKA: Usiape. Ningeinywa hata ikiwa na siagi. Ungeniambia, kaka, hii ndiyo niliyoiweza, ningeinywa yote. Nimekuja kwa ajili hiyo. Sikuja kudanganywa mbele ya watu.

Akafunga daftari, akamrudishia, akauokota mkoba wake. Povu akabaki mkono umenyooshwa, maana alikuwa amesema kweli tupu na kweli ndiyo ilikuwa inamponza. Sahihi akaangalia viatu vyake. Wembe akaangalia mlango wa saluni yake. Bi Birika peke yake aliniangalia mimi. Alishika tu kipini cha birika na kuniangalia.

MIMI: Ni mimi.

Hata sauti yangu sikuijua.

MIMI: Mimi ndiye niliyezima friji. Ijumaa mpaka Jumapili. Plagi niliichomoa kwa mkono wangu, na mlango nikauacha wazi. Yeye hajui. Bia ni yake. Kila kitu ni chake.

Kaka akauweka mkoba chini polepole. Akageuka, akanitazama mimi mwenye futi kamba shingoni, kuanzia viatuni mpaka kichwani, na sura yake ikabadilika. Ilikuwa heshima. Miaka yote niliyokaa pale kwenye kona, hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo.

KAKA: Fundi, ulijuaje?

Hilo tu. Aliuliza kwa upole kabisa, fundi kwa fundi.

Mimi nina jibu la kila kitu. Muulize yeyote. Kwenye benchi lile nimeeleza kwa nini mvua inachelewa, kwa nini ndoa ya jirani ilivunjika, kwa nini laga ya Povu ilikuwa lazima ishindwe. Nikatafuta. Sahihi alikuwa amenigeukia, Wembe amenigeukia, na nilimwona Povu anafikiri: Ijumaa, suti, harufu, plagi. Niliona hasa alipoufikia ukweli. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Nikainua kikombe ili nijifiche nyuma yake, nikakuta machicha matupu, nikamnyooshea Bi Birika.

BI BIRIKA: Imekwisha.

Akaligeuza birika lote juu chini, tuone.

KAKA: Nimeuliza kwa wema tu, fundi. Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hilo baada ya miaka minne ya kiwanda. Wewe ulijuaje?

POVU: Mwache, kaka. Huyu ana mambo mengi anayoyajua, ila hapendi kujisifu.

Alilisema kwa upole, bila kuniangalia. Akaiokota glasi kutoka kwenye ukingo wa benchi, akaifuta chini kwa kile kitambaa, akamrudishia kaka yake, kisha akamshika kiwiko kumleta upande wa ukuta.

POVU: Keti hapa, kaka. Hapa pana pa kuegemea. Futi, sogea.

Nikasogea. Wembe akasogea, Sahihi akasogea, na mimi, kwa kuwa benchi haliwezi kuchukua wanne wa aina yetu, nikajikuta nimesimama, pale anaposimama Povu siku zote, kikombe kitupu mkononi.